Mtumiaji Anayekosea Bila Kujua: Namna ya Kutathmini Utumikaji wa Tovuti ya Ramani

Swali lililonifikia linasema hivi: “Mtaalamu, nimekabidhiwa kazi ya kutathmini tovuti ya ramani inayoonyesha maeneo yaliyo katika hatari ya mafuriko, pamoja na barabara, shule na vituo vya afya. Ramani inasogezwa na kukuzwa, na mtumiaji anaweza kuwasha na kuzima matabaka (aina moja moja ya taarifa, kama barabara au shule) apendavyo. Nina wiki tatu. Nimeandaa dodoso la maswali ishirini nitakalowatumia watumiaji kwa njia ya intaneti. Je, linatosha? Kama halitoshi, nipime nini, na kwa watu wangapi?”

Ndugu msomaji, dodoso peke yake halitoshi, na nitaeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa sababu hiyo ndiyo itakayokuongoza katika uamuzi mwingine wote. Dodoso humwuliza mtu ameionaje tovuti, ilhali wewe unatakiwa kujua kama ameondoka na jibu lililo sahihi. Katika tovuti nyingi mambo haya mawili hayapishani sana: aliyeshindwa kujaza fomu anajua kwamba ameshindwa, naye atakueleza, pengine kwa hasira. Ramani haina tabia hiyo. Mtu anaweza kuifungua, akaikuza mpaka kwenye mtaa wake, akazisoma rangi visivyo, kisha akaifunga akiwa ameridhika kwamba nyumba yake iko salama. Mtu huyo atalijaza dodoso lako kwa alama za juu kabisa. Kwenye ramani ya mafuriko, huyo ndiye ninayemhofia kuliko anayelalamika, na tathmini isiyoweza kumwona haijatimiza kazi yake.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, kinaueleza utumikaji kuwa ni kiasi ambacho watumiaji fulani, katika mazingira fulani, wanaweza kuutumia mfumo kufikia malengo fulani kwa ufanisi, kwa tija na kwa kuridhika. Ufanisi ni usahihi na ukamilifu wa kile mtu alichokifikia. Tija ni muda na juhudi alizotumia kukifikia. Kuridhika ni jinsi alivyojisikia. Dodoso lako linagusa jambo la tatu tu. Neno “fulani” nalo halikuwekwa kwa bahati mbaya. Hakuna ramani iliyo rahisi kutumia hivi hivi. Kuna ramani iliyo rahisi kwa mpangaji wa miji aliyezoea mifumo ya taarifa za kijiografia, na hiyo hiyo ikawa fumbo kwa mzazi anayetaka kujua kama njia ya kwenda shuleni hufunikwa na maji. Kwa hiyo, siku yako ya kwanza itumie kuwauliza wenye tovuti swali moja bila kuwaonea haya: ni nani hasa anatarajiwa kuifungua ramani hii, na akiifunga anatakiwa awe amejua au ameamua nini? Wakikujibu kwamba ni ya kila mtu, waombe wataje makundi mawili au matatu yenye uzito zaidi, kwa sababu huwezi kumtafuta mshiriki anayeitwa kila mtu.

Ukishapata majibu hayo, keti mbele ya ramani yenyewe na daftari, uandike kila mahali ambapo inaweza kumpotosha mtu bila yeye kushtuka. Mimi huanza na maeneo yasiyo na rangi. Je, eneo jeupe lina maana kwamba hapana hatari, au kwamba hapajapimwa? Mpimaji anaujua uwazi huo vizuri, lakini macho ya mtu wa kawaida huusoma kama habari njema. Halafu natazama matabaka yanayotoweka. Waundaji wengi hupanga alama za shule au vituo vya afya zionekane tu ramani ikishakuzwa kiasi fulani, ili skrini isijae. Anayetazama kwa mbali huona hakuna kituo hata kimoja, akaamini hivyo, kwani hakuna kitu kinachomwambia kwamba vituo vipo ila vimefichwa. Kisanduku cha kutafutia nacho kina mtego wake: majina ya mahali hujirudia, na mfumo ukichagua wenyewe mahali pa kwanza penye jina lililoandikwa, mtumiaji huweza kuisoma hatari ya mahali pengine kabisa akidhani ni kwake. Tarehe ya data isipoonekana, kila kinachoonyeshwa huchukuliwa kuwa ni cha leo.

Mfano mkubwa kuliko yote wa upotoshaji wa kimyakimya uko kwenye umbo la ramani za wavuti zenyewe. Nyingi hutumia makadirio ya Mercator, yaani njia mojawapo ya kuichora dunia ya mviringo kwenye sehemu bapa, ambayo huzidi kutanua maeneo kadiri yanavyokuwa mbali na ikweta, hata Greenland ikaonekana kukaribiana na Afrika kwa ukubwa, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14. Mamilioni ya watu wameitazama picha hiyo bila kuhisi kasoro yoyote. Ramani yako, ikiwa inahusu eneo dogo, haitaathirika sana kwa upande huo, lakini somo linabaki lile lile: macho hayalalamiki kwa kitu yasichojua kwamba ni kosa.

Ukaguzi huu wa kitaalamu, unaofanywa kabla ya kumwita mshiriki yeyote, una historia ndefu. Wataalamu wa utumikaji Jakob Nielsen na Rolf Molich waliueleza mwaka 1990, na kanuni kumi za Nielsen za mwaka 1994 bado zinafaa kuwa kioo cha kukagulia: je, mfumo unaonyesha hali yake, unatumia lugha ya mtumiaji, unamruhusu kurudi nyuma anapokosea? Kwa ramani, ongeza kanuni ya mtafiti Ben Shneiderman ya mwaka 1996 inayosema mtu aanze kwa kuona picha nzima, kisha akuze na kuchuja, halafu apate undani pale anapouhitaji. Fungua tovuti kama mgeni. Je, mwonekano wa kwanza unakueleza ramani inahusu nini na inaishia wapi, au umetumbukizwa katikati ya vichochoro? Umwombe mwenzako mmoja au wawili nao wakague, kila mmoja peke yake, ndipo mlinganishe. Wakaguzi wakikaa pamoja tangu mwanzo, huona yale ambayo mmoja wao ameyasema.

Kipe kipaumbele kitendo cha kukuza na kusogeza, maana hapo ndipo watu hupotelea. Ramani nyingi za wavuti hukatwa vipande vya mraba vya pikseli 256 kwa 256. Katika kiwango cha ukuzaji cha 0 dunia nzima ni kipande kimoja. Kila kiwango kinachofuata hugawanya kila kipande kuwa vinne, hivyo kwenye kiwango cha 10 vipande vimeshafika 1,048,576. Mtu aliyekuza hadi huko anatazama sehemu ndogo sana ya ramani nzima, na akiteleza kidogo pembeni anaweza kujikuta kwenye sehemu isiyo na jina, mto wala barabara kuu ya kumwelekeza. Watafiti Susanne Jul na George Furnas waliiita hali hiyo mwaka 1998 ukungu wa jangwani: hakuna lolote kwenye skrini linalomsaidia mtu kuamua aelekee wapi. Dalili zake utaziona kwa macho wakati wa majaribio, mshiriki anapopunguza ramani mpaka mbali, akaikuza tena, akaipunguza tena. Kila ukiona mwendo huo, andika alikuwa wapi na alikuwa akitafuta nini.

Sasa tuje kwenye kiini cha tathmini, yaani kazi utakazowapa washiriki. Kazi nzuri ina sifa tatu: inatokana na lengo halisi la mtumiaji, ina jibu moja unalolijua wewe mapema, na haitumii maneno yaliyoandikwa kwenye vitufe vya tovuti. Ukimwambia mshiriki “washa tabaka la vituo vya afya,” umempima kusoma. Mwambie badala yake: “Ndugu yako anahamia mtaa huu. Tafuta kituo cha afya kilicho karibu naye ambacho njia yake haipiti eneo la hatari kubwa.” Hapo itambidi atafute mahali, agundue kwamba kuna matabaka, ayawashe mawili kwa pamoja, asome ufunguo wa ramani (maelezo ya maana ya rangi na alama), na akadirie umbali. Kazi sita au saba za namna hiyo zinatosha kwa kikao cha saa moja. Hakikisha kwamba angalau mbili kati yake zinapita juu ya mitego uliyoiandika daftarini: kazi ambayo jibu lake sahihi ni “hapa hapajapimwa,” na kazi inayotafuta mahali penye jina linalorudiwa. Wenye tovuti wanaweza kuona kwamba unawaonea. Waeleze kwamba watumiaji wao watapita kwenye mitego hiyo hiyo pasipo mtu wa kuandika kilichowapata.

Jaribu pia kazi ya kulinganisha, kama vile kuuliza ni upi kati ya mitaa miwili ulio na hatari kubwa zaidi, kwa kuwa kutambua rangi moja ni jepesi na kupanga rangi tano kwa mfuatano ni gumu. Hapa rangi zilizochaguliwa kwa kupendeza huanguka. Mfuatano unaotoka rangi hafifu kwenda iliyokolea husomeka bila msaada mwingi wa ufunguo; mchanganyiko wa kijani, zambarau, njano na buluu humlazimisha mtu kurudi kwenye ufunguo kila mara. Cynthia Brewer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania ametengeneza seti za rangi za ramani zinazopatikana bure kwa jina la ColorBrewer, na utazitumia kama kipimo cha kulinganishia.

Katika kikao chenyewe, mwombe mshiriki afikiri kwa sauti, yaani aseme anachotafuta, anachotarajia na kinachomshangaza. Wewe kaa kimya. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu utamwona akizungukazunguka pembeni mwa kitufe anachokihitaji na mdomo wako utakuwasha. Akikuuliza, “Nibofye hapa?” mrudishie swali: “Wewe ungefanyaje kama nisingekuwepo?” Rekodi skrini na sauti, baada ya kumwomba ridhaa na kumweleza kwamba inayopimwa ni tovuti, wala si yeye. Usipime muda kwa kikao cha kufikiri kwa sauti na kuutangaza kama kasi ya tovuti. Kusema hubadilisha mwendo wa kutenda. Ukihitaji muda wa kweli, tenga kikundi kingine kinachofanya kazi hizo kimya.

Baada ya kila kazi, kabla hujamwambia kama amepata au amekosa, mwulize swali moja: “Kwa kipimo cha 1 hadi 7, una uhakika kiasi gani na jibu lako?” Naliona swali hili kuwa la thamani kuliko yote ishirini ya dodoso lako. Ukishakusanya majibu, chora jedwali la vyumba vinne: waliopatia wakiwa na uhakika, waliopatia wakiwa na mashaka, waliokosea wakiwa na mashaka, na waliokosea wakiwa na uhakika. Waliopatia kwa mashaka wanakuonyesha mahali ambapo ramani inahitaji kumthibitishia mtu kwamba yuko sahihi. Waliokosea kwa mashaka wana bahati fulani, kwani nje ya majaribio wangetafuta njia nyingine ya kuuliza. Chumba cha nne ndicho cha kushughulikia kwanza, hata kama ndani yake wamo watu wawili tu. Rudia rekodi zao polepole mpaka ujue ni alama gani, rangi gani au neno gani lililowaambia kwamba wamefika.

Kuhusu idadi ya watu, utakuwa umesikia kwamba watano wanatosha. Kauli hiyo ina msingi, lakini hunukuliwa bila masharti yake. Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba, katika miradi waliyoichambua, uwezekano wa mtumiaji mmoja kukutana na tatizo fulani ulikuwa wastani wa asilimia 31. Kwa kiwango hicho, watu watano huibua takriban asilimia 85 ya matatizo. Lakini tatizo linalompata mtu mmoja kati ya kumi lina uwezekano wa kama asilimia 41 tu wa kuonekana kwa washiriki watano. Na mitego ya kimyakimya niliyoitaja mara nyingi ni ya aina hiyo, haimnasi kila mtu. Kwa hiyo ningekushauri uchukue watu watano kutoka kila kundi kuu, si watano kwa jumla, na ufanye duru mbili badala ya moja.

Idadi hiyo ni ya kugundua matatizo, haifai kutangazia takwimu. Washiriki watano wote wakifaulu kazi fulani, huna haki ya kuandika kwamba ufaulu ni asilimia 100. Kwa hesabu ya uhakika wa asilimia 95, kiwango halisi kinaweza kuwa chini hadi karibu asilimia 48. Hata wakifaulu 20 kati ya 20, kikomo cha chini bado ni kama asilimia 83. Andika “watano kati ya watano,” na umwachie msomaji wa ripoti aone udogo wa kundi.

Dodoso sasa lina mahali pake, mwishoni mwa kikao. Badala ya maswali yako ishirini, ambayo hayajapimwa popote, tumia kipimo cha utumikaji kiitwacho SUS (System Usability Scale) alichokibuni John Brooke mwaka 1986 na kukichapisha mwaka 1996. Kina kauli kumi zinazojibiwa kwa ngazi tano, zikipishana kati ya sifa na lawama. Kwa kauli zenye namba witiri toa 1 kwenye jibu. Kwa zenye namba shufwa toa jibu kutoka 5. Jumlisha na uzidishe kwa 2.5, upate alama kati ya 0 na 100. Alama hiyo si asilimia, na wastani unaotumika kama mstari wa kulinganishia ni 68 hivi. Ukizitafsiri kauli hizo, mpe mtu mwingine tafsiri yako azirudishe kwenye lugha ya awali, uone kama maana imebaki. Na kama ramani itapata alama 80 huku chumba cha nne cha jedwali lako kikiwa na watu, iandike alama hiyo katika aya moja na matokeo ya jedwali, isisomwe peke yake.

Usifanye majaribio yote kwenye kompyuta yenye skrini pana na intaneti ya kasi. Nusu ya vikao, kama si zaidi, vifanyike kwenye simu za washiriki wenyewe. Kwenye simu utagundua mambo ambayo kompyuta haiyaonyeshi: kidole kinachotaka kushusha ukurasa kinaishia kusogeza ramani, ufunguo unafunika nusu ya skrini au unafichwa kabisa, na alama zilizosongamana haziguswi bila kugusa ya jirani. Punguza kasi ya mtandao kwa makusudi, uone kama matabaka yanayochelewa kupakiwa yanatangaza kwamba yanakuja, au yanaacha uwazi unaofanana na usalama.

Watu wenye ulemavu wamo katika makundi yako, hata kama hukuwataja. Takriban mwanamume mmoja kati ya 12 mwenye asili ya Ulaya ya Kaskazini hutofautisha rangi kwa shida, hasa nyekundu na kijani, ambazo ndizo rangi zinazopendwa kuonyeshea hatari na usalama. Miongozo ya WCAG, inayohusu kuziwezesha tovuti kutumiwa na watu wenye ulemavu, inataka uwiano wa ung'avu kati ya kitu na mandharinyuma yake wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa michoro inayobeba maana. Toleo la 2.2, la Oktoba 2023, limeongeza kwamba kinachofanyika kwa kuburuta kiwezekane pia kwa kubofya tu, na kwamba vitufe visipungue pikseli 24 kwa 24 isipokuwa vikitenganishwa vya kutosha. Jaribu mwenyewe kuitumia ramani kwa kibodi bila kipanya. Kisha uliza kama taarifa ile ile inapatikana kwa maandishi, mathalani mtu aandike jina la mtaa na kupewa sentensi inayosema kiwango cha hatari yake. Asiyeona haihitaji picha ya ramani. Anahitaji jibu lililomo ndani yake. Ukiwapa sentensi hiyo watumiaji wote, utaona kwamba hata wenye macho mazuri wataitegemea.

Wiki zako tatu zigawe hivi: siku nne za mwanzo kwa malengo na ukaguzi, siku mbili za kutunga kazi na kuzijaribu kwa mtu mmoja asiye mshiriki (nakusihi usiiruke hatua hii, maana kazi iliyotungwa vibaya huharibu kikao chote), halafu duru ya kwanza ya vikao, marekebisho yale yanayowezekana haraka, na duru ya pili. Katika ripoti, usiyapange matatizo kwa idadi ya waliolalamika. Yapange kwa madhara: ni nini kingempata mtu aliyeamini jibu hilo lisilo sahihi? Kila tatizo liambatane na kipande kifupi cha rekodi, kwa sababu mwundaji aliyemwona mtu kwa macho yake akitamka “hapa ni salama” huku akionyesha eneo lisilopimwa hatahitaji kushawishiwa kwa aya tatu.

Duru ya pili ifanywe kwa kazi zile zile, ila kwa washiriki wapya. Wale wa kwanza wameshajifunza ramani yako ilivyo, pamoja na mitego yake, nao wakifaulu safari hii hutajua kama kilichorekebishwa ni tovuti au ni wao.